Kundi la Ishirini na Mambo ya Nyumbani

Siku ya 14 Septemba, 2003, katika mji wa Cancún ulio katika pwani ya Mexico, mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani ulivunjika. Mwenyekiti wake, Bwana Luis Ernesto Derbez, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Mexico, aliona kuwa pande zilizokuwa zikishindana haziwezi kupatana, akaufunga mkutano mikono mitupu. Mikutano ya namna hii ilikwisha vunjika zamani. Ule wa Seattle wa mwaka 1999 ulivunjika vibaya zaidi. Kwa hiyo kuvunjika peke yake hakukuwa jambo la ajabu. Ajabu ilikuwa ukumbini. Nchi changa kama ishirini hivi, zilizozoea kuketi mbalimbali na kupewa habari ya mambo yaliyokwisha amuliwa na wengine, zilikuwa zimeketi pamoja, zimeshika waraka mmoja wa madai, na karibu zote zilidumu pamoja mpaka siku ya mwisho.

Muungano huo uliitwa Kundi la Ishirini. Msomaji asiuchanganye na kundi jingine lenye jina hilo hilo, lililoanzishwa mwaka 1999 kwa mashauri ya fedha, ambalo ndani yake zimo Marekani na mataifa makubwa ya Ulaya. Kundi tunalolisema hapa lilikuwa la nchi changa peke yake, na shauri lake lilikuwa moja: biashara ya mazao ya shamba. Walikuwamo China, Afrika ya Kusini, Misri, Argentina, Thailand na wengine, nao kwa jumla walikuwa na zaidi ya nusu ya wakulima wote wa dunia. Lakini waliolishika usukani walikuwa wawili, Brazil na India.

Na hapo ndipo penye fumbo. Brazil ni muuzaji mkubwa wa sukari, soya, nyama, kahawa na maji ya machungwa. Neema yake hutoka katika milango ya wengine iliyo wazi. India, au Bara Hindi kama wazee wetu walivyozoea kuiita, ina mamia ya mamilioni ya watu waishio kwa mashamba madogo, wastani wake ukiwa chini ya hekta moja na nusu. Nayo hutaka mlango wake ubaki na komeo. Mmoja anataka kuuza, mwingine anaogopa kuuziwa. Katika mashauri yaliyotangulia, wakati wa Duru ya Uruguay iliyoanza mwaka 1986, Brazil ilikuwa pamoja na Australia katika Kundi la Cairns, kundi la wauzaji wa mazao, ilhali India ilikaa mbali na kundi hilo. Ni kitu gani basi kilichowaweka kitini pamoja mwaka 2003, na ni kitu gani kilichowatenganisha miaka mitano baadaye? Jawabu halipatikani Cancún wala Geneva. Yatupasa kuingia katika nyumba ya kila mmoja tukatazame nani alikuwa akikaa humo, na nani alikuwa akimwogopa nani.

Kwanza yafaa tuseme kwa ufupi jinsi shamba lilivyokuwa limeachwa nje ya sheria. Mataifa 23 yalipotia saini Mapatano ya Jumla ya Ushuru na Biashara mwaka 1947, sheria zilizowekwa zilibana zaidi bidhaa za viwanda, na kilimo kikapewa nafasi nyingi za kukwepa. Mwaka 1955 Marekani ilipewa ruhusa ya kuzuia mazao ya kigeni ili kulinda mipango yake ya bei za wakulima. Mataifa ya Ulaya Magharibi yakaanzisha siasa yao ya pamoja ya kilimo mwaka 1962, wakamlipa mkulima wao bei ya juu, na ziada iliyojaa maghalani wakaiuza ng'ambo kwa bei ya kutupa, serikali ikifidia tofauti. Fedha hizi ambazo serikali humpa mkulima au muuzaji ndizo ziitwazo ruzuku. Duru ya Uruguay, iliyofungwa kwa saini huko Marrakesh mwaka 1994, ndiyo iliyoleta mapatano ya kwanza ya kweli juu ya kilimo; lakini msingi wake ulikuwa umekwisha wekwa mwezi wa Novemba 1992 kati ya Marekani na Ulaya, wawili tu, katika nyumba ya wageni wa Rais wa Marekani iitwayo Blair House. Wengine waliletewa.

Tarehe 13 Agosti, 2003, mwezi mmoja kabla ya Cancún, Marekani na Ulaya zilitoa tena waraka wa pamoja. Waliousoma waliona mara moja kuwa kila mmoja amemhifadhi mwenzake: Marekani ingebaki na sehemu kubwa ya ruzuku zake, na Ulaya ingebaki na sehemu kubwa ya zake. Safari hii waletewa hawakukubali. Baada ya juma moja tu, tarehe 20 Agosti, Brazil na India pamoja na wenzao walikuwa wametoa waraka wao.

Tuitazame sasa nyumba ya Brazil. Tarehe 1 Januari mwaka ule ule wa 2003, Luiz Inácio Lula da Silva, fundi wa chuma aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alishika urais. Chama chake kiliungwa mkono na wakulima wadogo na Harakati ya Wafanyakazi Wasio na Ardhi, iliyoanzishwa mwaka 1984 na ambayo watu wake walikuwa wakiingia katika mashamba makubwa yasiyolimwa na kupiga kambi humo. Lakini fedha za kigeni za nchi hiyo zilitoka kwa watu wa namna nyingine kabisa. Tangu shirika la utafiti wa kilimo liitwalo Embrapa lilipoanzishwa mwaka 1973, wataalamu walikuwa wamejifunza kutia chokaa katika udongo mkali wa nyika za katikati ya nchi, na mahali palipodhaniwa hapafai pakawa bahari ya soya. Sarafu ya Brazil ilipoanguka mwezi wa Januari 1999, mazao hayo yakawa rahisi zaidi katika soko la dunia, na wenye mashamba makubwa wakazidi nguvu.

Rais Lula hakuweza kuwaacha hawa wala wale. Akaweka wizara mbili za kilimo chini ya dari moja. Wizara ya Kilimo alimpa Bwana Roberto Rodrigues, aliyekuwa kiongozi wa jumuiya ya wenye biashara kubwa ya kilimo. Wizara ya Maendeleo ya Ardhi, iliyokuwa imeanzishwa wakati wa mtangulizi wake, alimpa Bwana Miguel Rossetto wa chama chake mwenyewe, ikawa ndiyo wizara ya wakulima wa familia na wasio na ardhi. Wa kwanza alitaka masoko yafunguliwe kila mahali. Wa pili aliona kuwa mkulima mdogo wa Brazil anahitaji kinga kama yule wa India. Kati yao alisimama Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Bwana Celso Amorim, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza neno moja katika vinywa viwili.

Mtu akitazama hali hiyo kwa haraka atasema kuwa serikali yenye vichwa viwili ni dhaifu mbele ya wageni. Mimi naona kinyume chake. Nyumba hii iliyogawanyika ndiyo iliyomwezesha Amorim kuongea na Wahindi. Kama Brazil ingalitawaliwa na wenye soya peke yao, ingalibaki na Australia katika Kundi la Cairns na kudai kila ushuru upunguzwe, wa tajiri na wa maskini. Na India isingaliikaribia. Kama ingalitawaliwa na wasio na ardhi peke yao, isingalikuwa na haja ya kushambulia ruzuku za Marekani kwa nguvu ile. Kwa kuwa wote wawili walikuwamo, madai ya Brazil yalikuwa na pande mbili, na upande mmoja ulifanana na madai ya India. Wenye mashamba makubwa nao hawakukaa kimya. Mwaka 2003 walianzisha huko São Paulo taasisi ya uchunguzi iitwayo ICONE, ambayo wataalamu wake waliwapa wajumbe wa serikali hesabu zilizo tayari: ruzuku hii ikikatwa, tani ngapi, ushuru ule ukipungua, fedha kiasi gani. Nchi changa chache zilipata kuingia katika mashauri ya Geneva zikiwa na silaha ya namna hiyo.

Nyumba ya India ni ya zamani zaidi, na kuielewa yafaa kurudi nyuma mpaka miaka ya ukame wa 1965 na 1966. Mvua za masika za kusi zilikosa, na India ikala ngano ya Marekani. Rais Lyndon Johnson, aliyeudhika kwa maneno ya viongozi wa India juu ya vita vya Vietnam na kwa mwendo wao katika kilimo, aliamuru shehena zitolewe kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, ili serikali ya Delhi isisahau mkono uliokuwa ukiilisha. Taifa lenye fahari halisahau jambo la namna hiyo. Mwaka ule wa 1965 liliundwa Shirika la Chakula la India, linunue mpunga na ngano kwa wakulima kwa bei iliyotangazwa na serikali, liweke akiba, na kuwauzia maskini kwa bei nafuu. Katika majimbo kama Punjab na Haryana bei hiyo ikawa nguzo ya maisha, na hakuna chama cha siasa kilichothubutu kuigusa.

Tarehe 1 Aprili, 2001, baada ya kushindwa katika shauri lililopelekwa na Marekani mbele ya Shirika la Biashara Duniani, India iliondoa vizuizi vya mwisho vya idadi ya bidhaa ziingiazo. Tangu siku hiyo ulinzi pekee uliobaki mpakani ulikuwa ushuru wa forodha. Wakulima walikuwa wamekwisha ona jinsi mafuta ya kupikia ya kigeni yalivyofurika nchini katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita. Kwa hiyo Waziri wa Biashara, Bwana Arun Jaitley, alipokwenda Cancún, alijua kwamba serikali ya chama chake ingekwenda kwa wapiga kura katika muda usiozidi mwaka mmoja. Hakuna waziri wa India ambaye angalirudi nyumbani na habari kuwa ameshusha ushuru wa chakula huku ruzuku za matajiri zikiwa palepale.

Hivyo waraka wa Kundi la Ishirini ulishonwa kwa vitambaa viwili. Juu ya ruzuku za nchi tajiri, maneno yalikuwa makali, na hapo Brazil ilipata iliyoyataka bila ya India kupoteza kitu. Juu ya kufungua masoko ya nchi changa, maneno yalikuwa mepesi na yenye nafasi nyingi, na hapo India ilipata utulivu, ilhali Brazil iliahirisha sehemu ya matumaini yake. Kuna waliouita ushirikiano huu wa hila. Haukuwa hila. Kila mmoja alikuwa akidai jambo ambalo nyumbani kwake lilikuwa rahisi kulidai, na mzigo wote uliwekwa juu ya mabega ya mtu wa tatu. Ndiyo maana mshono ule ulishika, na ndiyo maana, kama tutakavyoona, haukuweza kushika daima.

Haki yatupasa kusema kuwa kilichouvunja mkutano wa Cancún siku ile ya mwisho hakikuwa kilimo hasa. Nchi za Kiafrika na nchi maskini zilikataa kuanza mashauri mapya juu ya mitaji, mashindano ya biashara na ununuzi wa serikali, na mwenyekiti akafunga kabla ya kilimo kufikiwa. Lakini lawama na sifa zote ziliangukia Kundi la Ishirini. Walio dhaifu katika kundi walionja uchungu wake upesi. El Salvador ilijitoa kungali mkutanoni. Baadaye zikatoka Colombia, Peru, Costa Rica, Ecuador na Guatemala. Sababu yake pia ilikuwa nyumbani. Nchi hizi zilikuwa zikitaka mapatano ya peke yao ya biashara na Marekani, na waliokuwa wakiuza huko nguo, maua na matunda walikuwa na sauti kubwa mbele ya serikali zao kuliko wakulima wa mahindi. Seneta mmoja wa Marekani mwenye madaraka juu ya mambo hayo alisema waziwazi kuwa atakumbuka nani alisimama wapi.

Na sisi wa Kenya tulikuwa wapi? Hatukuwa katika Kundi la Ishirini. Tulikuwa katika kundi jingine lililoongozwa na Indonesia, ambalo baadaye liliitwa Kundi la Thelathini na Tatu, na ambalo halikudai kuuza bali kulinda: lilitaka kila nchi changa iruhusiwe kuchagua mazao yake maalumu yasiyoguswa na upunguzaji wa ushuru. India ilikuwamo katika makundi yote mawili. Indonesia yenyewe ilikuwa imefungua soko lake la mchele mwaka 1998, wakati ilipokuwa ikikopa kwa shida na utawala wa Suharto ulipoanguka. Mwanzoni mwa mwaka 2004, mwaka ambao raia wake walimchagua rais kwa kura zao wenyewe kwa mara ya kwanza, serikali ilipiga marufuku mchele wa kigeni wakati wa mavuno.

Sababu ya Kenya kuwa upande huo haihitaji kutafutwa mbali. Tuliyokuwa tukiuza sana, yaani chai, kahawa na maua, hayakuwa yakizuiwa na ruzuku za Marekani. Na Ulaya ilikuwa ikiyapokea kwa upendeleo. Tuliloogopa lilikuwa sukari, maziwa na mahindi ya wengine. Serikali ya NARC iliingia madarakani mwezi wa Desemba 2002 kwa kura za watu waliochoka, wakiwamo wakulima walioona viwanda vyao vikifa. Mwaka 2003 ilikirudisha kiwanda cha maziwa cha KCC mikononi mwa umma. Umoja wa Forodha wa Afrika ya Mashariki ulipoanza tarehe 1 Januari, 2005, ushuru wa kawaida wa juu uliwekwa asilimia 25, lakini baadhi ya bidhaa zilitengwa kwa ulinzi zaidi: mahindi asilimia 50, maziwa asilimia 60, sukari asilimia 100. Mtu ajuaye kura za nyanda za miwa za magharibi na za mashamba ya mahindi ya Bonde la Ufa hatashangaa kwa hesabu hizo. Waziri wetu wa Biashara wakati wa Cancún, Dkt. Mukhisa Kituyi, alikuwa yeye mwenyewe mbunge wa magharibi.

Hatukuwa na sababu ya kuzifurahia hatua zote za Brazil. Brazil, Thailand na Australia ziliishtaki Ulaya kwa ajili ya sukari, zikashinda mwaka 2005. Na Ulaya ilipopunguza bei yake, waliopata hasara ya kwanza walikuwa watu wa visiwa kama Mauritius, ambao tangu mwaka 1975 walikuwa wakiuza sukari yao huko kwa bei ile ile ya juu. Haki ya Brazil ilikuwa msiba wa Mauritius. Lakini Brazil hiyo hiyo iliishtaki Marekani juu ya pamba na kushinda, ikawa imewasaidia Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, nchi nne ambazo wakulima wake wa pamba walikuwa wakiangamizwa na ruzuku za Marekani, na ambazo zilikuwa zimepeleka kilio chao Geneva mwaka 2003 kwa kinywa cha Rais Blaise Compaoré wa Burkina Faso.

Baada ya Cancún matajiri walijifunza. Kuanzia mwaka 2004 hapakuwa tena na chumba cha watu wawili. Brazil na India zilialikwa ndani. Mwaka huo yalikubaliwa maongozi ya mashauri yaliyosema kuwa ruzuku za kuuzia mazao nje zitakwisha, na huko Hong Kong mwezi wa Desemba 2005 ikatajwa tarehe ya mwisho, mwaka 2013. Kuketi ndani ya chumba kulikuwa ushindi. Kulikuwa pia mwanzo wa taabu, maana aliyeko ndani hawezi tena kudai tu. Huulizwa yeye atatoa nini.

Wakati huo nyumba ya India ilikuwa imetikiswa. Mwezi wa Mei 2004 serikali iliyojitangaza kuwa India inang'aa ilishindwa katika uchaguzi. Katika jimbo la Andhra Pradesh, Bwana Chandrababu Naidu, waziri mkuu wa jimbo aliyesifiwa duniani kwa kuufanya mji wa Hyderabad kuwa mji wa mitambo ya kompyuta, aliangushwa na vijiji vilivyolemewa na ukame na madeni. Kila mwanasiasa wa India aliisoma habari hiyo kwa namna moja, iwe sawa au si sawa: mwenye kumsahau mkulima hupotea. Serikali mpya ya Bwana Manmohan Singh ilimweka Bwana Kamal Nath kuwa Waziri wa Biashara, na mwezi wa Februari 2008 ilitangaza kusamehe madeni ya wakulima yapatayo rupia bilioni 600.

Mwezi wa Julai 2008 mawaziri waliitwa Geneva na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika, Bwana Pascal Lamy, wamalize. Walianza tarehe 21. Tarehe 22 serikali ya India ilikuwa Bungeni mjini Delhi ikipigiwa kura ya imani kwa jambo jingine kabisa, mapatano ya nguvu za nyuklia na Marekani. Iliponea kwa kura 275 dhidi ya 256. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebaki miezi tisa. Katika hali hiyo lililetwa mezani shauri la kinga maalumu, nalo ni hili: mazao ya kigeni yakifurika ghafula, nchi changa iruhusiwe kupandisha ushuru kupita kikomo ilichoahidi. Bwana Lamy alipendekeza kuwa ruhusa hiyo ipatikane pale tu mazao yaingiayo yanapozidi wastani wa miaka mitatu kwa asilimia 40. India na wenzake wa Kundi la Thelathini na Tatu walitaka asilimia 10. Waziri wa India alisema hatacheza kamari na riziki ya wakulima wanaolima ili wale.

Brazil ilikubali pendekezo la Lamy. Kwa mara ya kwanza mzigo haukuwa juu ya mtu wa tatu. Ulikuwa kati yao wawili. Kinga aliyoitaka India ingaliweza kutumika juu ya soya, mafuta na kuku wa Brazil na wa jirani zake. Paraguay na Uruguay zililalamika waziwazi. Brazil ilikuwa na ruzuku za Marekani na Ulaya zilizokuwa karibu kufungwa kwa sheria, na wenye mashamba walikuwa wakihesabu faida. Argentina, jirani yake katika umoja wa forodha, iliona imeachwa peke yake, maana iliogopa zaidi kupunguza ushuru wa viwanda. Tarehe 29 Julai mkutano ulivunjika. Nayo Marekani, tusije tukawalaumu Wahindi peke yao, ilikuwa na siasa zake za nyumbani: miezi michache kabla, Baraza lake la Kongresi lilikuwa limepitisha sheria ya ruzuku za kilimo juu ya kichwa cha Rais George Bush aliyeikataa, na uchaguzi wa rais ulikuwa mwezi wa Novemba.

Wako wasemao kuwa Brazil ilisaliti siku ile. Neno hilo ni zito kupita kiasi. Serikali ya Lula haikuwa imebadilika, wala wizara mbili hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa. Mwaka 2003 swali lilikuwa matajiri watoe nini, na wizara zote mbili zilikuwa na jibu moja. Mwaka 2008 swali lilikuwa nani amfungulie nani, na jibu la wenye soya na jibu la wakulima wa familia hayakuweza tena kusemwa kwa kinywa kimoja. Waziri alilazimika kuchagua, akachagua upande uliokuwa na hesabu.

Baadaye kila mmoja alikwenda njia yake. India ilipitisha sheria ya kuwahakikishia maskini nafaka mwezi wa Septemba 2013, na miezi mitatu baadaye huko Bali ilidai kuwa akiba zake za chakula zisihesabiwe kuwa ruzuku haramu. Ikapewa ahadi ya kutoshitakiwa kwa muda. Mawaziri walipokutana hapa Nairobi mwezi wa Desemba 2015, chini ya uenyekiti wa Balozi Amina Mohamed, Brazil ilikuja ikiwa imeandika pendekezo moja na Ulaya, ndiyo Ulaya ile ya Agosti 2003, na ruzuku za kuuzia mazao nje hatimaye zikafutwa. India ilitoka Nairobi na ahadi tu ya kuendelea kuzungumzia kinga maalumu. Mwaka uliofuata serikali mpya ya Brazil iliifuta ile wizara ya wakulima wa familia. Rais Lula aliporudi madarakani mwaka 2023 aliirudisha.

Mwezi wa Februari 2024 mawaziri walikutana tena, Abu Dhabi. Katika siku hizo hizo wakulima wa Punjab walikuwa wamezuiwa kwa vizuizi vya saruji katika njia ya kwenda Delhi, wakidai bei iliyohakikishwa kwa sheria na wakitaka India ijitoe katika Shirika la Biashara Duniani. Zaidi kidogo ya miaka miwili nyuma yake, baada ya mwaka mzima wa kupiga kambi kando ya barabara, wakulima hao walikuwa wameilazimisha serikali ya Bwana Narendra Modi kufuta sheria tatu za kilimo, na uchaguzi mkuu ulikuwa karibu. Mjumbe wa India alidai shauri la akiba za chakula liamuliwe kabla ya jingine lolote la kilimo. Brazil, pamoja na wauzaji wenzake, ilitaka masoko na ruzuku zijadiliwe zote kwa pamoja. Mkutano uliongezewa siku moja, ukafungwa usiku wa tarehe 2 Machi, na juu ya kilimo hapakuandikwa hata sentensi moja ya mapatano.